Shajara ya Impreza: nilinunua rimu kwanza, tepu ikafuata

WIKI YA 1

Naanza kuandika nikiwa tayari nimeshakosea, kwa hiyo msitegemee mtaalamu hapa. Gari ni Subaru Impreza WRX sedani, toleo la GDA, zile za taa za duara, imeshushwa kwa koilova (shokapu na springi za pamoja, urefu unarekebishika) kama sentimita 4 hivi, lakini miguu ilikuwa bado ya fabriki, rimu 17x7 ET55 (kipenyo inchi 17, upana inchi 7, ET ni ofseti, nitaieleza chini) na tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu ya 17). Ukiitazama kwa nyuma ni kama mtu mwenye mabega mapana kavaa viatu vya mtoto, yaani rimu zimezama ndani ya fenda mpaka unaionea huruma.

Sasa kuna jamaa yangu ana Impreza kama hii hii, rimu zake zimekaa sawia na fenda, hazijatoka wala hazijazama. Nikamuuliza kaka hiyo ofseti gani, akanijibu ET35. Basi kichwa kikafunga hapo hapo, wiki 2 nzima natafuta ET35 tu kama mtu aliyerogwa, na nilipokutana na seti ya 17x9 ET35, matundu 5x100 (matundu 5 kwenye duara la milimita 100), nikabeba siku hiyo hiyo kabla mwenyewe hajabadili mawazo. Za jamaa zina upana gani sikuuliza.

Za jamaa ni 7.5.

Leo jioni nimefunga moja ya nyuma, nikashusha jeki taratibu, nikarudi nyuma hatua kama 5 kuangalia. Rimu imetoka nje ya fenda kidole kizima. Nimesimama pale na spana mkononi kama dakika 10 bila kusema kitu, mke wangu kapita akauliza tu "hivyo ndivyo inavyotakiwa?" nikamwambia bado sijamaliza.

WIKI YA 1, USIKU

Usingizi umekataa, nimechukua daftari. Ngoja niweke hii hesabu hapa maana ningeifanya mwezi uliopita nisingekuwa na rimu 4 zimelala kwenye veranda.

Ofseti ni umbali wa milimita kati ya ule uso wa rimu unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Hizo herufi ET ni za Kijerumani, Einpresstiefe. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani, ikipungua inatoka nje. Mpaka hapo kila mtu anajua. Nilichokuwa sikitii maanani ni kwamba hiyo katikati inategemea upana, kwa hiyo ET peke yake haikwambii rimu itaishia wapi, ni kama kuambiwa mtu anakaa nyumba ya tatu bila kuambiwa mtaa.

Chukua upana wa inchi, zidisha kwa 25.4, gawa kwa 2. Kwenda ndani jumlisha ET, kwenda nje toa ET. Rimu ya fabriki ya 7 nusu yake ni 88.9, toa 55 inabaki 33.9 upande wa nje, jumlisha 55 inakuwa 143.9 upande wa ndani. Ya jamaa, 7.5 ET35, nje 60.25. Hizi zangu mpya 9 ET35, nje 79.3! ET ile ile 35 lakini mdomo wa rimu yangu umetangulia wa jamaa milimita 19, na ukilinganisha na za fabriki nimetoka nje milimita 45.4. Kwa ndani nimeongeza 5.4 tu, yaani karibu upana wote niliouongeza nimeumwaga nje.

Na bado hizo inchi 9 zinapimwa pale tairi inapokalia, sio ukingo kwa ukingo. Rimu nzima ni pana zaidi kwa kama inchi 1.

WIKI YA 2

Leo nimepima gari, kitu ambacho kilitakiwa kiwe cha kwanza kabisa. Nimerudisha rimu za fabriki, gari iko chini kwenye sakafu iliyonyooka, nimeisukuma mbele na nyuma mara kadhaa ili ikae vizuri maana ukishusha kutoka kwenye jeki tairi zinabaki zimejipanua na kipimo kinakudanganya. Nikafunga nati kwenye uzi, nikaubandika kwa tepu kwenye ukingo wa fenda juu kabisa ya tairi uning'inie, halafu kwa rula nikapima kutoka kwenye uzi mpaka mdomo wa rimu. Nyuma milimita 33, mbele 30. Kushoto na kulia zinapishana milimita 3, nikadhani nimekosea, nimerudia mara 3, ni kweli zinapishana. Gari ya umri huu bodi haiwezi kuwa sawa pande zote, kwa hiyo pima magurudumu yote 4 na ufuate upande wenye nafasi ndogo. Hizo nilizoandika ndizo ndogo.

Kwa hiyo 9 ET35 inatokeza nyuma milimita 12, mbele 15. Ndicho kile kidole.

Kwa ndani adui ni koilova. Impreza ina shokapu za kusimama mbele na nyuma, tairi inapita ubavuni kwa shokapu, na nafasi nimeipima kwa kuchomeka fito za mbao za unene tofauti mpaka moja inabana. Imebana ya milimita 16 mbele. Anayetumia springi za fabriki akapime kwake, bakuli la springi ya fabriki ni pana kuliko la koilova na mara nyingi ndilo linaloguswa kwanza.

Jamaa wawili wamenishauri nilaze tairi, niweke kemba (kulala kwa tairi, juu ikiingia ndani) ya digrii 3 hivi zijifiche. Nimeifikiria kwa uzito kabisa maana sikutaka kukubali kwamba nimepigwa na namba. Tairi ya kipenyo cha 625 kila digrii 1 inaingiza kichwa cha tairi ndani kama milimita 5 na nusu, kwa hiyo kwenye karatasi inawezekana. Ila kuna kitu kwenye gari za shokapu za aina hii watu wanakiruka. Ukilaza kwa bolti za chini, pale shokapu inaposhikana na habu, tairi inaegemea shokapu na nafasi ya ndani inapungua. Ukilaza kwa juu, kwenye sahani ya koilova, shokapu na tairi vinalala pamoja na nafasi kati yao haibadiliki. Wanaosema "weka kemba tu" waulizwe kwanza, ya juu au ya chini.

Nimekataa. Hii gari inabeba watu na inapita kwenye mashimo kila siku, kula tairi kwa ndani ili nifiche kosa langu mwenyewe hapana.

WIKI YA 3

Zile rimu za 9 zimeondoka. Amechukua mtu mwenye fenda za kupanuliwa, na safari hii mimi ndiye niliyemwambia leta tepu upime kwanza. Alishangaa kidogo muuzaji kumwambia hivyo.

Alitaka pia kuhakikisha hiyo ET35 maana maandishi nyuma ya spoku yalikuwa yamefutika nusu, tukapima wote wawili pale pale. Unalaza rimu kifudifudi juu ya gunia, mgongo juu, unaweka ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, unashusha rula kutoka kwenye ubao mpaka ule uso unaokaa kwenye habu. Tukapata 162. Upana mzima ukingo kwa ukingo ukawa 254, nusu yake 127. 162 kutoa 127 ni 35. Namba ikakaa pale pale, ndiyo furaha pekee hizo rimu zilinipa.

Nikarudi sokoni. Nusura nianguke tena, nimekuta seti nzuri sana ya Impreza STI (ndugu mkali wa WRX) ya 2005, 17x8 ET53, bado zina rangi yake ya fabriki, nikasema Subaru kwa Subaru itakataaje. Inakataa. Kuanzia 2005 STI ilihamia 5x114.3 na yangu ni 5x100. Nimeokolewa na rula tu, maana kwa macho ya haraka mtu huoni tofauti. Kwenye rimu ya matundu 5 huwezi kupima tundu na linalolikabili kwa sababu hakuna linalokabiliana nalo, pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake: 58.8 ni 5x100, 67.2 ni 5x114.3. Milimita 8 na kitu, rula ya shule inatosha.

Kuna wakati nilipata wazo la kuweka nyuma pana kuliko mbele, lile la magari ya kusukumwa na nyuma. Kwenye hii hapana. Inavuta magurudumu yote 4, difu ya kati kwenye hii ya gia za mkono ina kiungo cha viscous (kinachofanya kazi kwa mafuta mazito), na Subaru wanataka mzingo wa tairi zote 4 usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Tairi za mbele na nyuma zikipishana difu inafanya kazi muda wote hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, inachemka, siku moja inakushika. Tairi 4 sawa, rimu 4 sawa, mjadala umeisha.

WIKI YA 5

Kimya kirefu, kazi zilibana. Ila rimu zimepatikana: 17x8 ET45, 5x100.

Safari hii hesabu ilitangulia. Nusu ya 8 ni 101.6. Nje 56.6, nimeongeza 22.7 juu ya fabriki, kwa hiyo nyuma inabaki kama 10 kufika fenda na mbele kama 7. Ndani 146.6, ongezeko 2.7 tu. Kulikuwa na nyingine 8.5 ET48 niliipenda kwa sura, nje ingefika 59.95, ambayo fenda ingeibeba, lakini ndani ingeongeza 12 na nafasi yangu ni 16, halafu tairi ikipinda kwenye kona au koilova ikilegea kidogo tunaanza kusikia harufu. Nimeiacha kwa shingo upande.

Tairi nimechukua 225/45R17. Hapa kuna jambo limenifurahisha. Tairi ya 215 kwenye rimu ya 7 ina tumbo, ubavu unatokeza nje ya rimu, upana wake halisi ni kama 213. Hii 225 kwenye rimu ya 8 imenyooka zaidi, upana wake ni kama 230, maana kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu inaivuta tairi ile ile kama milimita 5. Ukifanya hesabu ya tairi badala ya rimu, nusu ya 213 ni 106.5, jumlisha 55 ni 161.5, nusu ya 230 ni 115, jumlisha 45 ni 160. Yaani kwa upande wa koilova tairi pana imesogea MBALI milimita 1 na nusu ingawa rimu yenyewe imeingia ndani 2.7. Nilirudia mara 2 nikidhani nimechanganya. Nilipofunga nikachomeka ile fito ya 16 na ikapita bila kubana, ya 18 ikakataa.

Kipenyo kimetoka 625.3 kwenda 634.3, kama asilimia 1.4. Spidomita ikisoma ile ile unakuwa unaenda kidogo zaidi ya zamani, haiumizi.

WIKI YA 5, JUMAPILI

Siku ya plastisini. Ndiyo, ile ya watoto, ya binti yangu, rangi ya chungwa, nimeahidi kurudisha.

Nimepandisha mbele kwenye stendi, nimetoa springi kwenye koilova ya kulia nikarudisha shokapu tupu na raba yake ya kugotea, nikafunga gurudumu, halafu nikawa nanyanyua gurudumu kwa jeki ndogo mpaka raba inagota. Hapo ndipo tairi itakapofika siku ukiingia kwenye shimo na gari limejaa. Kabla ya hapo nilibandika vidonge vya plastisini ndani ya mdomo wa fenda, kwenye koilova, na kwenye ile plastiki ya ndani ya fenda, unene wa kidole. Nyanyua, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, shusha, kata kidonge kwa wembe, pima kilichobaki.

Koilova imebaki 15. Mdomo wa fenda juu 5. Plastiki ya ndani upande wa nyuma wa tairi, pale karibu na mlango, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho: sifuri, kidonge kimebanwa kikawa karatasi na alama za tairi zinasomeka juu yake kama muhuri. Hii sio ajabu, ofseti ikipungua gurudumu linapokata kona linachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo linafagia sehemu ambazo zamani halikufika. Ni plastiki, sio chuma, lakini kelele yake inaudhi.

Nimebandika pia kwenye kalipa ya breki ya mbele kwa sababu upana na ET havikwambii chochote kuhusu spoku. Rimu 2 za namba zile zile moja inapita kalipa nyingine inagonga, inategemea spoku zimejikunja vipi. Imebaki 4, nimeridhika.

Nyuma kuna ukingo wa chuma uliokunjwa ndani ya fenda, mkali kama kisu. Kidonge kilibaki 2, hakitoshi. Nimeukunja ule ukingo kulala juu, taratibu, napasha rangi kwa hewa ya moto mpaka mkono haukai, nakunja kidogo, napasha tena. Upande wa kushoto umetoka safi. Upande wa kulia nilikuwa na haraka, jua linazama, nikakunja kabla haijapata moto na rangi ikapasuka ufa kama unywele, urefu wa sentimita 6. Nimeziba na rangi kidogo ili kutu isianze, sura yake hainifurahishi.

WIKI YA 6

Kosa jipya, dogo lakini lingeweza kuwa kubwa.

Ile 10 iliyobaki nyuma ilikuwa inanisumbua roho kwa sababu mbele ni 7, nikaweka spesa (sahani za kusogeza rimu nje) za milimita 5 nyuma. Spesa ya 5 inafanya ET45 iwe kama ET40, rahisi. Nikafunga, ikakaa vizuri sana kwa macho, nikatoka barabarani na kwenye 90 gari ikaanza kutetemeka mpaka kioo cha ndani.

Rimu zangu mpya zina tundu la katikati la 73.1 na habu ya Impreza ni 56.1, kwa hiyo kuna bushi za kujaza ile tofauti. Bushi inakaa kwenye ule mdomo wa habu unaotokeza. Spesa ya bapa isiyo na mdomo wake imekula milimita 5 za huo mdomo, bushi imebaki inaning'inia haishiki kitu, rimu imekaa kwa kubahatisha na nati tu.

Halafu nikahesabu mizunguko ya nati. 6. Studi za Subaru, yaani vyuma vinavyoshika nati, ni M12x1.25 (unene milimita 12, kila mzunguko milimita 1.25), kanuni ninayoifuata mimi ni nati iingie angalau sawa na unene wa studi, 12 gawa 1.25 ni mizunguko 9.6. Nilikuwa nimebeba watu 3 na nati za mizunguko 6. Nilikaa chini kidogo pale pale kwenye sakafu.

Spesa zimetoka zote. Nyuma imebaki 10, mbele 7, na kusema kweli ukisimama mbali haionekani, ilikuwa inaonekana kwangu tu kwa sababu najua namba. Siku nikitaka kweli nitabadili studi ndefu na spesa zenye mdomo wake, lakini siku hiyo haipo karibu. Mtetemo umeisha.

Na nati zenyewe hakikisheni zinafanana na kitako cha rimu. Kuna za koni na za mviringo, na zipo za fabriki za bapa zenye washa, ukichanganya inakaza vizuri mkononi halafu inalegea barabarani. Nimekaza kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), nimeendesha kama kilomita 80, nimekaza tena, 1 ilikuwa imeachia kidogo.

WIKI YA 8

Alaimenti imefanyika. Kemba mbele digrii 1 na nusu, nyuma ilivyo, too (tairi kuelekeana au kuachana kwa mbele) karibu na sifuri. Usukani una uzito kidogo kuliko zamani kwenye mwendo wa kuegesha na kwenye barabara yenye mifereji ya malori unavuta kidogo, hiyo nilitegemea, sehemu ambayo tairi inakanyaga imehamia nje ukilinganisha na pale gurudumu linapojizungushia.

Jana tumepanda watu 5 na mizigo, nimepita njia mbovu kuliko zote ninayoijua makusudi, madirisha chini, redio imezimwa, kila mtu kaambiwa akae kimya asikilize. Nyuma kimya kabisa. Mbele kushoto, kwenye kona ya kurudi nyuma usukani umekatwa mpaka mwisho, krrrr, ile plastiki.

Leo nimeipasha moto na kuisukuma ndani, nimeishika kwa klipu 2. Kulia imekaa. Kushoto klipu moja imegoma kwa sababu tundu lake limeliwa, nimefunga kwa waya mpaka nipate nyingine.